Huduma ya Utengamao kwa Waliomaliza Matibabu ya Saratani

Maneno haya yalitolewa mbele ya wakazi wa Kata ya Kolandoto katika mkutano wa elimu ya afya. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimepewa jambo la kuzungumzia ambalo kwa kawaida halipewi nafasi katika mikutano yetu. Tumezoea kuhimizana kuhusu kujikinga na saratani. Tunasema mabinti wapelekwe kupata chanjo ya HPV, ambayo nchi yetu ilianza kuitoa kwa taifa zima mwaka 2018. Wanawake wachunguzwe mlango wa kizazi. Mtu akihisi uvimbe asikae nao nyumbani. Hayo ni mema na tutaendelea kuyasema. Lakini leo naomba tuwatazame watu waliokwisha kupita hapo. Waliugua, wakapelekwa Bugando kule Mwanza au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road kule Dar es Salaam, wakapasuliwa, wakachomwa mionzi, wakatundikiwa dripu, kisha wakaruhusiwa kurudi. Basi likawashusha hapa barabarani, wakapanda bodaboda hadi nyumbani. Swali langu ni hili: tangu siku ile, nani anawahudumia?

Wizara ya Afya hutumia neno zuri kwa huduma ninayoizungumzia. Inaitwa huduma ya utengamao. Neno hilo limetoka katika kutengamaa, yaani kutulia na kukaa sawa baada ya kutikiswa. Watu wengi hulichanganya na tiba shufaa, ambayo ni huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mtu mwenye ugonjwa mzito. Huduma hizi mbili ni ndugu, wala hakuna ubaya mtu kupata zote pamoja. Lakini utengamao una shabaha yake: mtu arudi kushika jembe, arudi kupakata mtoto, arudi kukaa na mwenzi wake, au kama hayo hayawezekani yote, yapatikane yale yanayowezekana.

Niwape kisa cha mama mmoja ambaye sitamtaja jina wala kijiji. Aliondolewa ziwa moja pamoja na tezi za kwapani upande huo huo, akamalizia kwa dripu na mionzi. Alirudi nyumbani msimu wa kulima ulipokuwa umeanza. Familia ilifurahi, akachinjiwa mbuzi, wachungaji wakaja kuomba shukrani. Baada ya wiki chache akawa shambani na kisimani kama zamani, kwa kuwa kila mtu alisema amepona, na yeye mwenyewe hakutaka kuonekana mvivu mbele ya mama mkwe. Mwaka haujaisha, mkono wa upande ule ukaanza kuvimba. Pete ikakataa kutoka. Mkono wa gauni ukabana. Pakasemwa kwamba amechezewa na mtu aliyechukia kupona kwake, akapelekwa kuchanjwa chale ili maji mabaya yatoke. Siku ya tatu mkono ulikuwa mwekundu na wa moto, mwenyewe akitetemeka kwa homa na kuweweseka. Aliokolewa kwa shida. Saratani haikuwa imerudi hata kidogo. Kilichotaka kumwua ni wembe.

Naomba nieleze kwa nini mkono ule ulivimba, maana mtu akielewa sababu hatatafuta mchawi. Nyinyi ni watu wa majaruba ya mpunga. Mnajua kwamba maji yanapoingia katika jaruba lazima yawe na mahali pa kutokea. Mwilini vilevile, mbali na damu, kuna majimaji yaitwayo limfu ambayo hupita katika mishipa myembamba na kuchujwa katika tezi, kama zile za kwapani na za kinenani, kabla ya kurudi kwenye damu. Daktari anapoziondoa tezi za kwapani ili saratani isienee, au mionzi inapozikausha, ni kama mtu ameziba sehemu ya matoleo ya jaruba. Kwa wanawake wengi matoleo yaliyobaki hutosha. Kwa baadhi hayatoshi, nayo maji hutuama mkononi. Hali hii huweza kuanza mara moja, na huweza pia kuanza baada ya miaka mingi. Miguu nayo huvimba hivyo kwa waliotibiwa saratani ya mlango wa kizazi, au ile ya ngozi na mishipa iitwayo Kaposi, ambayo tunaiona hasa kwa wanaoishi na VVU.

Maji yaliyotuama huvutia vijidudu. Ndiyo maana mkono au mguu wa namna hiyo usichanjwe, usitobolewe, usinyonywe kwa pembe, wala usikandwe kwa maji ya moto. Mwiba mdogo wa mgunga au mchubuko wa jembe uoshwe kwa sabuni saa ile ile. Ngozi ipakwe mafuta kila siku isipasuke. Anayechuma pamba au kuvunja kuni avae kitambaa au glavu mkononi. Sindano na kipimo cha shinikizo la damu vielekezwe kwenye mkono mwingine inapowezekana, na mgonjwa asione haya kumkumbusha muuguzi. Mkono ukigeuka kuwa mwekundu na wa moto, na homa ikaingia, hilo ni jambo la kwenda zahanati siku hiyo hiyo kupata dawa ya kuua vijidudu. Si jambo la kusubiri mnada upite.

Sasa je, mkono ule upumzishwe maisha yote? Zamani hata sisi watumishi wa afya tulifundishwa kusema hivyo: usinyanyue kitu kizito tena. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 141 waliokuwa na uvimbe wa mkono baada ya saratani ya matiti. Nusu yao walifundishwa kunyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, wakianza na uzito mdogo sana na kuuongeza polepole chini ya uangalizi, huku wakivaa soksi ya kubana mkono. Uvimbe wao haukuongezeka kuliko wa wenzao, na vipindi vya mkono kuchachamaa vilikuwa vichache zaidi kwao. Kwangu mimi utafiti ule ni habari njema kwa mwanamke wa Kolandoto kuliko hata kwa yule wa Marekani, kwa kuwa hapa maisha yenyewe ni kunyanyua. Kosa halikuwa kwamba yule mama alibeba ndoo. Kosa ni kwamba alianza na ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 20 na zaidi, wiki chache tu baada ya mkono kukaa bila kazi.

Kwa hiyo inafaa aanze hivi. Kidonda kikiisha kufunga na daktari akiruhusu, asimame karibu na ukuta, atembeze vidole juu ya ukuta kama buibui anayepanda, hadi bega likaze, kisha ashuke. Achane nywele kwa mkono ule ule. Afunge khanga mgongoni kwa mikono miwili. Baada ya hapo achukue chupa ya maji ya nusu lita, ambayo ni nusu kilo, ainyanyue mara kumi asubuhi na mara kumi jioni. Wiki zikipita bila uvimbe kuongezeka, ahamie chupa ya lita moja, kisha dumu la lita tatu, kisha lita tano. Uvimbe ukizidi, arudi hatua moja nyuma, asiache kabisa. Mtaalamu wa fiziotherapia atampangia vizuri zaidi kuliko mimi ninavyosimulia hapa, naye pia ndiye anayejua kufunga bandeji ya kubana. Bandeji ya kujifungia mwenyewe ikikaza juu kuliko chini huongeza madhara.

Hapo ndipo nawageukia wanafamilia. Miezi ile ambayo mama anahama kutoka chupa kwenda dumu, nani anachota maji? Hilo ni sehemu ya matibabu sawa na dripu ilivyokuwa. Kijana wa kiume wa miaka 15 ana mabega mazuri kabisa, wala maji hayajawahi kumdhuru mwanamume aliyeyabeba. Nawaona wazee wanacheka, lakini nimesema kweli.

Jambo la pili ni uchovu. Baada ya dripu na mionzi huja uchovu usiofanana na ule wa shambani. Mtu analala usiku kucha na kuamka amechoka, na hali hiyo huweza kuendelea miezi mingi, kwa wengine zaidi ya mwaka. Nimesikia wanaume wakisema kwamba mke ameonja maisha ya kupikiwa na hataki kuyaacha. Si hivyo. Kwanza apimwe damu, kwa kuwa upungufu wa damu na malaria huongeza uchovu na vina dawa. Kisha, ingawa yaweza kuonekana ajabu, kinachosaidia zaidi ni kutembea. Dakika kumi hadi kwa jirani na kurudi, kila siku, na kuongeza kidogo kila wiki. Kulala kutwa nzima huzidisha hali. Kuhusu chakula, watu huwakataza waliotibiwa nyama, mayai na kila kitu chenye ladha, hadi mwili unaojijenga upya unakosa cha kujengea. Michembe ni mizuri, lakini itiwe karanga. Na ugali usiwe na mlenda pekee kila siku, dagaa na choroko vipo. Anayetaka kunywa dawa ya mitishamba amwambie daktari wake kwanza, maana nyingine hupingana na dawa alizopewa.

Nikitaja dawa alizopewa, nakumbuka vidonge vya tamoksifeni. Baadhi ya wanawake waliotibiwa saratani ya matiti huandikiwa vidonge hivi vya kumeza kila siku kwa miaka mitano au hata kumi. Wengi huviacha mwaka wa kwanza kwa kuwa hawaumwi. Naomba sana mwenye navyo asiviache bila kuongea na waliomwandikia. Vilevile anayetumia dawa za kufubaza VVU aendelee nazo bila kukatiza.

Jambo la tatu linahusu miguu, na hapa Kolandoto tuna urithi ambao sehemu nyingine hawana. Hospitali yetu ilianzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission mwaka 1913, na kwa miaka mingi ilihudumia watu wenye ukoma. Wazee waliopo hapa wanakumbuka mafundisho waliyopewa wagonjwa wale. Ukoma huua hisi za mikono na miguu, mtu anakanyaga kaa la moto asijue. Basi baadhi ya dawa za dripu za saratani nazo hudhuru mishipa ya fahamu. Mtu anasema miguu inawaka, au imekuwa kama imevaa soksi nene, au anaangusha kikombe bila kutambua. Kwa wengi hali hupungua taratibu, kwa wengine hubaki. Dawa ya kupunguza ule mwako ipo, lakini ulinzi ni ule ule waliofundishwa wagonjwa wa ukoma. Kila jioni mtu akae, atazame nyayo zake moja baada ya nyingine, na kama haoni vizuri mjukuu amtazamie. Asitembee peku. Maji ya kuoga ayapime kwa kiwiko, au mtu mwingine ampimie. Asiote moto akiwa ameielekeza miguu mekoni. Katambuga zinafaa sana kwa kuwa mwiba haupenyi tairi, ila ziwekwe kitu laini ndani na fundi asiache msumari uliochomoza. Kijana anayerudi kwenye machimbo ya dhahabu kule Geita akiwa na miguu ya namna hiyo asikubali kushinda ndani ya maji ya duara bila buti nzima, na ni vema amweleze mapema mwenye duara, apewe kazi ya juu.

Jambo la nne ni zito kulitamka mkutanoni, nanyi wazee mniwie radhi. Saratani inayowapata zaidi wanawake wa nchi hii ni ya mlango wa kizazi, na wengi wao hutibiwa kwa mionzi. Mionzi ile huokoa maisha. Lakini pia hukausha na kuibana njia ya uke, husababisha hedhi kukoma kabla ya wakati, na huweza kuacha mkojo au choo kuwa cha haraka. Mwanamke asipoelezwa mapema, ile njia hushikana. Matokeo yake tendo la ndoa linakuwa maumivu matupu, na hata daktari anashindwa kumchunguza siku anaporudi kliniki. Kinga yake ipo. Wiki chache baada ya mionzi, kwa maelekezo ya muuguzi, mwanamke hufundishwa kutumia kifaa laini cha kuitanua njia ile mara kadhaa kwa wiki, pamoja na mafuta maalumu ya kulainisha. Aliyerudi bila kuelezwa habari hii aulize, hata kama miezi imepita. Anayevuja mkojo au kinyesi mfululizo asijifiche ndani. Huenda pamefunguka tundu linalohitaji kutazamwa na daktari bingwa.

Kwa akina baba nina mambo mawili mafupi. Saratani ya mkeo haiambukizi kwa kulala naye wala kwa kula sahani moja. Kirusi cha HPV ambacho huweza kuanzisha saratani hiyo hupitia kwenye kujamiiana, nacho wanaume na wanawake wengi wamewahi kuwa nacho bila kujua, kwa hiyo kisitumiwe kama ushahidi wa kumshtaki mtu. Na mionzi haibaki mwilini. Aliyechomwa kwa mashine ya nje anaweza kumpakata mtoto mchanga siku hiyo hiyo, na hata yule aliyewekewa chanzo cha mionzi kwa ndani, kikiisha kutolewa hakuna kinachosalia. Nimekutana na mwanamke aliyetengewa kikombe, sufuria na kitanda kwa miezi sita. Alisema mionzi haikumwumiza kama kile kikombe.

Wanaume nao huugua. Aliyetibiwa tezi dume huweza kutokwa mkojo bila kutaka, au nguvu zake kupungua, akaamua kuacha kwenda kanisani au msikitini kwa kuhofia harufu. Kuna mazoezi ya kukaza misuli inayozuia mkojo, ambayo hufanywa umekaa hapo hapo bila mtu kujua, na kwa wengi huleta nafuu baada ya wiki kadhaa. Aulize fiziotherapia.

Watoto nitawataja kwa ufupi, ingawa wanastahili mkutano wao. Kanda yetu ya Ziwa hupata watoto wenye saratani ya taya iitwayo Burkitt, kwa jina la daktari aliyeieleza akiwa Uganda mwaka 1958. Ikiwahiwa, wengi hupona kwa dripu. Mtoto anarudi darasani akiwa hana nywele na amekosa muhula mzima. Walimu waelezwe na wazazi kabla hajarudi, na wenzake waambiwe kwamba hawataambukizwa.

Kuna pia hofu. Kila kikohozi, kila maumivu ya mgongo, mtu anajiuliza kama imerudi. Hofu hiyo ni ya kawaida. Inapomnyima usingizi wiki nyingi, au akaanza kusema afadhali angekufa, hayo si maneno ya kukemewa. Aongozwe kwa mganga wa zahanati au afisa ustawi wa jamii. Na kwa kuwa hofu huambatana na kukosa elimu, nitaje dalili za kwenda hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki: uvimbe mpya mahali popote, damu ukeni, maumivu ya mfupa yanayozidi usiku, kukohoa au kuhema kwa shida kusikoisha, ngozi au macho kuwa ya njano, miguu kufa ganzi ghafla pamoja na kushindwa kukojoa. Hili la mwisho ni la siku hiyo hiyo.

Nimalizie na huduma zilizopo. Siku mgonjwa anaporuhusiwa, aombe karatasi yenye jina la ugonjwa, matibabu aliyopata na tarehe ya kurudi, aihifadhi kwenye mfuko wa plastiki kisha aipeleke zahanati ya kwao ndani ya wiki ya kwanza. Bila karatasi hiyo mtumishi wa zahanati anafanya kazi gizani. Zahanati itampa rufaa kwenda Hospitali ya Kolandoto au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa kule Mwawaza anapohitaji daktari au fiziotherapia. Nauli ya kwenda Mwanza ndiyo huwakatisha wengi kliniki. Familia ianze kuiweka kando mapema, kama inavyowekwa ada ya shule. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mnawafahamu kwa majina, waombwe kuwatembelea watu hawa kama wanavyowatembelea wajawazito.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Aliyekatwa mguu au kupoteza uwezo wa mkono kwa sababu ya saratani aende kwa afisa ustawi wa jamii akaulizie utaratibu wa kutambuliwa kama mtu mwenye ulemavu. Na vikundi vya VICOBA visimfute mtu kwa kukosa hisa miezi aliyokuwa wodini. Wapo walioomba kushika daftari au kutunza funguo za sanduku huku mkono ukipona, wakafanya vizuri kuliko tulivyokuwa tukifanya sote.

Yule mama wa mkono yuko hai. Ameshafika kwenye dumu la lita kumi. Mkono bado umevimba kiasi, hauwezi kurudi ulivyokuwa, na jioni huuweka juu ya mto. Kijana wake ndiye anayechota maji mengine. Mama mkwe, ambaye zamani alikuwa wa kwanza kuulizia chale, sasa ndiye anayehesabu mara kumi za asubuhi.

Mwenyekiti ameniruhusu kupokea maswali. Yale ambayo mtu hawezi kuyauliza mbele ya watu, nitakuwa pale chini ya mwembe hadi wote waishe, akina mama kwanza.